Gesi haiishi, inatoroka: shajara ya kufufua AC ya lori kuukuu

Siku ya 1, Jumamosi

Lori ni la 1989, dizeli, umeme wa volti 24, na AC yake imelala muda mrefu kiasi kwamba aliyeniuzia mwenyewe hakumbuki mara ya mwisho kuhisi baridi mle ndani. Siku ya kunikabidhi funguo alisema yale wanayosema wauza magari wote: "AC nzima hiyo, inataka gesi tu." Sikumbishia. Nilikuwa nimeshaamua kununua.

Lakini gesi ya AC hailiwi kama dizeli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa inaibana, kondensa inaipoza mpaka inakuwa kimiminika, valvu ya ekspansheni inaiachia ghafla, na kwenye evapareta inachemka tena kuwa mvuke, ikibeba joto la kabini. Hakuna kituo hata kimoja njiani ambapo gesi inatumika ikaisha. Ikipungua, imetoroka, na tundu ililotokea bado liko wazi.

Nimefunga geji. Mshale haukutikisika, sifuri kavu. Kibandiko chini ya boneti kimefifia ila kinasomeka: R-12, kilo 1.1. Kwa hiyo mfumo huu ni wa gesi ya zamani, ile iliyopigwa marufuku kwa kutoboa tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal ulitiwa saini 1987, na kufikia 1996 nchi tajiri zilikuwa zimeacha kuitengeneza. Kama ingekuwa imebaki humu ningetafuta mwenye mashine ya kuivuta na kuihifadhi, maana kilo moja ya R-12 inapasha dunia joto zaidi ya mara elfu kumi kuliko kilo ya hewa ya kaboni. Haikubaki. Ilishakwenda zake.

Kompresa: nimeizungusha kwa mkono kwenye sahani ya klachi, ile klachi ya sumaku inayoiunganisha na puli ya injini. Inazunguka, ina uzito unaotakiwa, haikwaruzi. Koili ya klachi inasoma omu 14.6, ambayo kwa volti 24 ni sawa. Nimeipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, ikalia *tak!* safi kabisa. Mpwa wangu, anayenisaidia wikendi, akauliza, "Mjomba, si tujaze basi?" Nikamwambia tukijaza leo tutakuwa tunapulizia barabara.

Siku ya 2, Jumapili

Kufungua mabomba. Nati za alumini zilizokaa miaka thelathini na zaidi hazifunguki kwa hisani. Kanuni ni spana mbili: moja inashikilia upande wa bomba, nyingine inazungusha nati. Naijua kanuni hiyo. Hata hivyo kwenye nati ya juu ya kondensa nafasi ilikuwa finyu, nikasema moja itatosha. Nati ilikataa, bomba likakubali. Lilijipinda kama kitambaa cha kukamulia, na pale lilipoungana na kondensa ukatokea ufa mwembamba wa unywele.

Kondensa imekwenda. Nimekasirika nusu saa, kisha nikakubali kwamba pengine ingebadilishwa tu. Ile ya zamani ni bomba moja refu lililokunjwakunjwa kama nyoka. Ilitosha kwa R-12, lakini nitakayoweka ni R-134a, gesi iliyochukua nafasi yake, na hiyo hufanya kazi kwa presha ya juu zaidi upande wa moto. Kondensa za kisasa zina mirija mingi myembamba iliyolala sambamba na hutoa joto vizuri zaidi kwa ukubwa uleule. Nimepima fremu na kuagiza ya aina hiyo.

Kuna wanaoweka gesi za jamii ya propani kwenye mifumo ya zamani. Zinapoza kweli. Ila evapareta iko ndani ya kabini, mbele ya magoti yangu, na siko tayari kuwa na gesi inayowaka mahali hapo.

Oili: nimeinamisha kompresa na kuizungusha polepole mpaka zikatoka mililita 45 hivi. Nikamwaga kidogo juu ya karatasi nyeupe na kuipeleka juani. Rangi ya chai ya rangi iliyokolea, hakuna unga mweusi, hakuna kinachometameta. Hapo ndipo nilipopumua. Oili nyeusi yenye chembe za chuma maana yake kompresa ilishajitafuna na takataka zake ziko kila kona ya mfumo.

Siku ya 3

Evapareta. Kuifikia ni kung'oa nusu ya dashibodi, kazi isiyo na hadithi ila skrubu ishirini na mbili na moja iliyopotea.

Hadithi iko ndani ya boksi. Panya waliishi humo, tena kwa raha. Walikuwa wamejenga kwa majani makavu, sponji ya kiti na vipande vya karatasi ambavyo bado vina mistari. Chini ya kiota, mapezi ya evapareta, vile vibati vyake vyembamba, yamevaa blanketi la vumbi na nywele, nene kama kipande cha suruali ya jinzi. Nilishika ncha moja nikaivuta, likatoka zima, likiwa na alama za mapezi mgongoni. Hewa ilikuwa inapita wapi, sijui. Bomba la kutolea maji limezibwa na tope gumu. Hiyo ndiyo maana zulia la upande wa abiria limeoza.

Kona ya chini kushoto kulikuwa na doa la mafuta lililonasa vumbi. Oili husafiri pamoja na gesi, basi mahali penye unyevunyevu wa mafuta ndipo pa kushuku kwanza. Nikajiambia, mwizi ndiye huyu.

Nimeiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, bila mashine ya presha maana mapezi hulala kama nyasi. Kisha nikaziba mdomo mmoja, nikapeleka naitrojeni psi 150 kwenye mwingine, na kuizamisha kwenye beseni. Nusu saa nzima nimeinamia beseni. Hakuna povu hata moja. Doa lile lilikuwa la nati ya juu, mafuta yalichuruzika tu mpaka kwenye kona. Evapareta ni nzima, na mimi nilikuwa nimeshamhukumu asiye na kosa.

Naitrojeni, narudia kwa yeyote atakayeiga, na lazima ipite kwenye regyuleta. Oksijeni ya kuchomelea ikikutana na oili ndani ya bomba ni mlipuko. Hewa ya kawaida ya kompresa ya tairi nayo inaingiza unyevu ambao nitahangaika siku nzima kuutoa.

Siku ya 5

Sili ya shafti ya kompresa. Nimetoa sahani ya klachi, puli, kipete cha kuzuia, na sili ya zamani ikatoka ngumu kama plastiki, na mdomo wake una mkwaruzo. Lori likikaa miezi bila AC kuwashwa, oili inashuka chini, sili inakauka, na gesi inapata upenyo. Beringi ya puli nimeibadilisha wakati huohuo kwa sababu ilikuwa inanguruma.

Kurudisha klachi kunataka utulivu. Kati ya sahani na puli inabaki nafasi, na yangu nimeiweka milimita 0.6 kwa kuongeza shimu (kibati cha kujazia nafasi) moja nyembamba. Ikiwa ndogo mno sahani inasugua hata AC ikiwa imezimwa. Ikiwa kubwa, sumaku inashindwa kuivuta kompresa ikipata moto. Nimepima sehemu tatu kuzunguka.

Mabomba ya chuma nimeyaosha kwa kimiminika cha kuoshea na kuyapuliza kwa naitrojeni mpaka kitambaa cheupe mdomoni kikabaki cheupe. Kompresa, valvu na draya haviwekewi kimiminika hicho. Draya yenyewe, kile kichupa chenye punje za kunyonya unyevu, nimenunua mpya yenye punje zinazokubaliana na R-134a, na bado ina vifuniko vyake. Haifunguliwi mpaka kila kitu kingine kimefungwa. Punje hizo hazichagui: hewa ya nje zikiipata zinakunywa hadi zishibe, na chupa mpya inakuwa kopo tu.

Suala la oili lilinichukua jioni nzima kulifikiria. Oili ya madini iliyokuwa humo haichanganyiki na R-134a. Itatulia chini na kompresa itazunguka kavu. PAG, oili ya sintetiki, ndiyo inayowekwa kwenye magari mapya, lakini haipendi mabaki ya oili ya madini na inavuta maji haraka. Nimechagua esta, oili nyingine ya sintetiki, inayovumilia mabaki. Mililita 45 zilizotoka zilikuwa sehemu tu ya oili, nyingine niliiosha kwenye mabomba au ilishavuja, kwa hiyo nimefuata kipimo kizima kilichoandikwa kwenye kompresa: nyingi ndani yake, iliyobaki kidogokidogo kwenye draya na evapareta.

Siku ya 8, Jumamosi

Kondensa imefika. Mipira mirefu miwili nimetengenezewa mipya yenye utando wa plastiki ndani, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imepasuka ngozi karibu na injini.

Oringi, zile pete za kuziba viungo, zote mpya, za kijani, za mpira unaostahimili gesi mpya. Kila moja nimeipaka oili ya madini kwa kidole kabla ya kuivalisha. Ndiyo, aina ileile niliyoitoa. Tone kwenye oringi halidhuru, na haivuti maji yakala nyuzi za nati. Safari hii spana mbili kila mahali, hata pale ambapo kiwiko changu kililalamika.

Valvu ya ekspansheni ni mpya, ya R-134a. Ina mrija mwembamba unaoishia kwenye kidonge cha shaba, na kidonge hicho lazima kikumbatie bomba la kutokea evapareta. Nimelisugua bomba kwa msasa mpaka likang'aa, nikakibana kwa klipu mbili na kukifunika kwa utepe mweusi wa kuhami. Bila utepe kinapima joto la boksi badala ya joto la bomba, na valvu inabaki wazi kupita kiasi.

Midomo ya kujazia ya zamani ni ya skrubu. Juu yake nimefunga adapta za R-134a, milimita 13 upande wa presha ya chini na 16 upande wa juu, ili mtu asije akakosea siku moja akachanganya gesi.

Saa kumi na moja jioni: naitrojeni psi 200, joto digrii 31. Nimefunga, nimeondoka.

Siku ya 9

Saa kumi na mbili asubuhi geji inasoma psi 176, joto digrii 24.

Usiku ulikuwa wa baridi, na gesi ikipoa presha hushuka, kwa hiyo kabla ya kulia nikapiga hesabu. Psi 200 za geji ni kama 215 ukijumlisha na presha ya hewa inayotuzunguka. Digrii 31 ni 304 kwa kipimo cha kelvini, digrii 24 ni 297. Mia mbili kumi na tano mara 297 gawa kwa 304 ni 210, toa 15, inabaki 195. Baridi ya usiku ilikuwa na haki ya psi 5. Zile 19 nyingine zimeibwa.

Maji ya sabuni na brashi, kiungo baada ya kiungo. Kondensa, hakuna. Sili mpya ya shafti, hakuna. Draya, hakuna. Nilipaka hata mahali pasipo na kiungo. Mpwa wangu ndiye aliyeona, akiwa ameinamisha kichwa chini ya adapta ya upande wa juu: "Mjomba, hapa panatema mate." Povu dogodogo, jeupe, linatoka taratibu kwenye shingo ya adapta, linakua, linapasuka, linaanza upya. Nilibadilisha kila mpira kwenye lori hili isipokuwa sindano ya valvu iliyoko ndani ya mdomo wa zamani, ile inayofanana na ya tairi. Adapta mpya imekaa juu ya sindano ya miaka yote hiyo.

Nimebadilisha zote mbili. Psi 200 tena, na joto nimeliandika kwa kalamu kwenye mkono.

Siku ya 10

Asubuhi: psi 196, digrii 25. Hesabu inasema 196. Nimeachia naitrojeni kwa furaha ambayo jirani yangu hakuielewa.

Siku ya 11

Pampu ya vakiumu. Wengi huiwasha dakika kumi, mshale wa geji ukigonga mwisho wanasema tayari. Hewa kweli imetoka. Maji bado. Pampu hainyonyi maji. Inashusha presha mpaka maji yachemke yenyewe kwa joto lililopo. Kwa digrii 25 maji huchemka presha ikifika kama maikroni 24,000, na kuyamaliza yote, pamoja na yaliyojificha ndani ya oili, unashuka chini sana ya hapo na kusubiri. Mshale wa geji za kawaida hauoni tofauti hiyo. Nimeazima geji ya maikroni, kipimo cha vakiumu: namba ikiwa ndogo, vakiumu ni kali zaidi.

Baada ya saa moja: 600. Nikafunga valvu na kutazama namba. 900, 1,400, 2,100, ikapunguza mwendo karibu na 2,600 na kusimama. Uvujaji ungeendelea kupanda bila kuchoka. Namba inayopanda kisha ikatulia ni unyevu unaoendelea kuchemka. Nikaingiza naitrojeni kavu mpaka sifuri, nikawasha injini dakika kumi na tano ili boneti ipate joto, nikazima, nikavuta tena saa moja na nusu. Safari hii 420, na baada ya kufunga ilipanda hadi 700 ikakaa hapo. Nimekubali.

Siku ya 12, kujaza

Kazi ya siku kumi na moja ilikuwa ni kufika hapa, na hapa penyewe ni kama nusu saa.

R-134a huwekwa pungufu kuliko R-12, asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa zamani. Nimelenga 85: gramu 935. Mtungi uko juu ya mizani. Miwani na glavu, maana kimiminika hiki huchemka kwenye digrii 26 chini ya sifuri na ngozi haiwezi kushindana nacho.

Uzito ni jambo la kusisitiza. Rafiki yangu mmoja fundi hujaza kwa kusoma geji injini ikiwa imezimwa: ikifika psi 80 anasema imejaa. Lakini mfumo ukiwa na kimiminika kidogo tu ndani yake, kwa digrii 25 utasoma psi 82 hivi, uwe una gramu 300 au 900. Geji hapo inakupimia joto la siku. Kioo cha kutazamia kwenye draya nacho kinadanganya. Kwa R-134a huonyesha weupe kama maziwa hata kiasi kikiwa sawa, na anayejaza mpaka weupe uishe amezidisha.

Gramu 400 zimeingia kwa upande wa juu, injini imezimwa. Nikafunga kabisa upande huo. Haufunguliwi tena injini ikizunguka, la sivyo presha ya kompresa inarudi kwenye mtungi. Nikawasha injini ili nimalizie kwa mvuke upande wa chini.

Klachi kimya.

Fyuzi nzima, rilei inagonga, swichi ya presha inapitisha umeme. Mita kwenye betri inasoma volti 27 injini ikizunguka. Kwenye koili, 17.8. Volti tisa zimepotelea njiani. Waya wa bodi (wa kurudishia umeme) uliofungwa kwenye kishikizo cha kompresa ulikuwa na ukungu wa kijani chini ya kichwa cha bolti. Msasa, grisi kidogo, bolti mpya. *Tak.* Bomba la kurudi kompresa likaanza kutoka jasho mbele ya macho yetu.

Gramu 935. Nikafunga mtungi.

Vipimo kwa joto la nje digrii 33, injini mizunguko 1,500: chini psi 30, juu 235, hewa ya dashibodi digrii 11. Injini ikishuka sailensa (mzunguko wa chini, bila kukanyaga mafuta), upande wa juu ukapanda mpaka 310. Nikachukua mpira wa maji nikaimwagia kondensa, presha ikaanguka hadi 220 papo hapo. Kwa hiyo kiasi cha gesi hakina neno, kinachokosekana ni hewa. Nikatazama: kati ya kondensa mpya na rejeta kuna mwanya wa vidole vinne pande zote, na hewa ya moto ya injini inazunguka na kurudi mbele. Nimeziba kwa vipande vya sponji ngumu. Sailensa sasa ni 260.

Digrii 11 hazikuniridhisha. Evapareta yenye psi 30 iko karibu na digrii 2, hewa ilipaswa kutoka baridi zaidi. Mpwa wangu akagusa bomba la maji ya hita: linaunguza. Valvu ya hita haifungi, kwa hiyo evapareta inapoza na hita inapasha, ndani ya boksi moja. Nikabana mpira wa hita kwa koleo lenye kitambaa. Dakika tano baadaye: digrii 6. Valvu mpya ya hita imeingia kwenye orodha. Koleo linabaki kwa sasa.

Nimebandika kibandiko kipya juu ya kile cha zamani: R-134a, gramu 935, oili ya esta, tarehe.

Siku ya 34

Kilomita kama 1,900. Nilikuwa nimeweka rangi ya kufichua uvujaji pamoja na oili, ile inayong'aa ikimulikwa. Leo usiku nimepitisha taa ya urujuanimno kila kiungo, shingo za adapta mara mbili. Giza tupu. Digrii 6 asubuhi, 8 mchana wa jua kali. Valvu mpya ya hita imeshawekwa, koleo limerudi kwenye boksi la spana.

Mpwa wangu alikaa kiti cha abiria, dirisha juu, akanyamaza muda mrefu. Nikadhani amesinzia.

"Mjomba," akasema, "sasa nasikia feni ya dashibodi inapiga mluzi."

Inapiga. Siku zote hizo madirisha yalikuwa wazi, hakuna aliyeisikia.